Kana na Demani

Sifa za bahari tumezigawa vibaya. Nahodha aliyetweka tanga Maskati akashukia Zanzibar na kaskazi, huyo tunamtungia tenzi. Mtu aliyetoka Amu, yaani Lamu, alfajiri akafika Pate kabla ya adhuhuri, huyo tunamuuliza tu kama kamba wameshuka bei. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, alikamilisha kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari mnamo 1490 hivi, na katika tungo zake imo moja inayoeleza njia ya Sofala. (Kisa cha kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 wanahistoria wengi wamekikataa, lakini barazani bado kinaishi na kahawa yake.) Alan Villiers, Mwaustralia, alipanda chombo cha Kuwait kiitwacho Bayan katika msimu wa 1938 na 1939, akaja nacho mpaka Zanzibar na Rufiji, akapata kitabu kizima cha kuandika. Safari ndefu zina vitabu. Safari za kisiwa kwa kisiwa hazina hata ukurasa, na kwa maoni yangu hizo ndizo zinazompima mtu.

Bahari kuu ina ukarimu mmoja: nafasi. Kaskazi ikishashika, kuanzia Desemba mpaka Machi, chombo huelekezwa kusini, tanga likawekwa upande mmoja, na siku zikapita bila mtu kuligeuza. Ukikosea kidogo, una bahari nzima ya kujirekebishia. Baina ya Amu, Manda na Pate hakuna anasa hiyo. Hapa fungu la mchanga liko kushoto, mwamba uko kulia, mikoko inakata upepo, kisha panatokea mwanya baina ya miti na upepo unakurukia ubavuni bila hodi. Mkondo unaokusaidia sasa hivi utakupinga ukishazunguka rasi. Kila nusu saa ni bahari nyingine, na hakuna hukumu utakayoitoa asubuhi ikatosha mpaka mchana.

Ndiyo maana safari hii huanza kabla ya chombo kuguswa, tena huanzia mbinguni. Watu wa visiwa hivi wana kalenda ambayo kazi yake ya pili wageni wengi hawaijui. Anayejua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu, huyo anajua pia maji yatajaa saa ngapi. Mwezi ukiandama, na vilevile ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na saa nne au saa tano za asubuhi fuo huwa zimekauka, chaza wako nje. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Ikifika tarehe saba au nane, yanajaa katikati ya asubuhi, lakini ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Basi anayetaka kusafiri mchana akiwa na kina cha kutosha hutafuta siku zilizo katikati, tarehe nne, tano, sita, ambapo maji hayajafa bado na yanajaa baada ya jua kuchomoza. Mtu aliyefunga Ramadhani utotoni mwake ana jedwali hilo kichwani bila kuambiwa kwamba anajifunza ubaharia.

Na anayelidharau huadhibiwa. Mwanzoni mwa karne ya 19, takriban 1812, jeshi la Pate na la Wamazrui wa Mombasa lilishuka Shela, mwisho wa kisiwa cha Amu, kuja kuutiisha mji. Walishindwa, wakarudi mbio pwani kutafuta vyombo vyao. Simulizi za Amu hulikazia jambo moja kuliko mapanga yote yaliyotumika siku ile: maji yalikuwa yamekupwa. Vyombo vilikuwa vimelala ubavu mchangani, na watu wakachinjwa kando ya mashua ambazo saa sita baadaye zingeelea zenyewe. Baada ya hapo watu wa Amu walimwita Sayyid Said wa Oman awalinde, na mengi ya historia ya pwani hii yakafuata mkondo huo. Huwa nafikiri kwamba katika jeshi lile lazima alikuwepo mzee mmoja wa Pate aliyejua tarehe, akasema, na asisikilizwe.

Sasa nije kwa mume na mke niliosafiri nao. Sitawataja majina. Ni watu wazima, wenye wajukuu, na mashua yao ni ndogo kiasi kwamba wawili wanaitosha na watatu wanaanza kugombea nafasi. Yeye mume ni mtu wa Amu. Mke kwao ni Pate, na baba yake alikuwa nahodha aliyepakia boriti za mikoko. Kwa kuwa nyumba ile ilikawia kupata mtoto wa kiume, binti alikalishwa karibu na usukani tangu hajavaa buibui. Kwa hiyo katika mashua hii mke ndiye anayeshika kana, mti wa usukani, na mume ndiye mtu wa tanga. Najua wasomaji wangu wa pwani watainua nyusi. Nami niliinua zangu, mpaka nilipoona mkono ule ulivyotulia juu ya mti ule. Mgawanyo wao hauna mjadala wa haki ndani yake. Mume ana mgongo na mabega, na tanga linahitaji mgongo na mabega. Mke ana macho.

Tulikuwa tunakwenda harusini kwa watu wa mke, na shehena yetu ilikuwa ya harusi: mchele, sukari, mafuta ya kupikia, na sanduku moja la vitu vya bibi harusi lililofungwa kwenye turubai maradufu, likakatazwa kukaliwa. Watu wasiojua hudhani kupakia ni kujaza. Nilimtazama mume akiliweka gunia moja la mchele, akarudi nyuma, akakitazama chombo kilivyokaa majini, akalivuta gunia shibiri mbili kuelekea tezi. Mashua ikizama mno omoni hupiga pua kila wimbi na usukani unakuwa mzito. Ikikaa mno tezini haitaki kulikabili joshi, yaani upande unaotoka upepo. Magunia mawili aliyaacha huru, hayakubanwa na kitu. Sikuelewa kwa nini mpaka baadaye.

Tuliondoka na umande. Huu ni upepo wa bara, mwepesi, baridi kidogo, unaotoka wakati nchi kavu imepoa usiku kucha kuliko bahari, na unakufa jua likipanda. Hauna nguvu ya kumtisha mtu wala ya kumfikisha mbali, lakini hauna mawimbi, na kwa mashua inayotoka gati la Amu kuelekea kaskazini unakuja ubavuni, mahali pazuri kuliko pote. Tanga likajaa nusu. Mume akashika demani, kamba ya kulishikilia tanga, mkononi bila kuifunga. Nilimuuliza kwa nini asiifunge apumzike. "Demani ya asubuhi haifungwi, mwanangu," akasema. "Upepo huu una visa."

Mbele yetu kulikuwa na Mkanda, mlango mwembamba uliopo baina ya Manda na bara, mikoko pande zote mbili, na kwa miaka mingi ulikuwa haupitiki kabisa maji yakiwa yamekupwa. Aliyechelewa alizunguka nje, bahari kuu, au alilala. Kanuni ya kuupita ni moja, na naisifu kwa sababu ina akili nyingi kuliko urefu wake: ingia maji yakiwa yanajaa, usingoje yajae. Ukipanda fungu wakati maji yanaingia, bahari yenyewe itakunyanyua baada ya muda mfupi, na hasara yako ni aibu kidogo. Ukipanda fungu hilohilo maji yakiwa yameanza kutoka, umepwelewa, na utakaa hapo mpaka jioni ukihesabu kaa. Kwa hiyo baharia mzuri haendi na maji mengi kuliko yote. Huenda na maji ambayo bado yana ahadi.

Humo ndani upepo ulikatika. Mume akachukua upondo, akasimama ubavuni, akawa anausukuma mti chini, anausubiri ushike, anatembea nao hatua mbili kuelekea tezi, anauchomoa. Kila alipouchomoa aliutazama mwisho wake: tope jeusi, au mchanga, au hakuna kitu. Hakusema lolote, ila aliugeuza kidogo upande wa mke, naye akaona. Ikiwa ni tope, kana ilibaki palepale. Ikiwa ni mchanga, ilisogea upana wa kidole, mashua ikajitenga na ukingo. Mpaka hapo nilikuwa nimedhani ya kwamba mke anatazama mbele. La. Alikuwa akisoma vitu vitatu kwa zamu, rangi ya maji, majani yaliyolala kwa mkondo, na mwisho wa upondo wa mumewe, na katika hivyo vitatu cha mwisho ndicho alichokiamini.

Maji meupe ni mchanga, haya hata mtoto anajua. Maji meusi yana utata, kwa kuwa yanaweza kuwa kina, yanaweza kuwa mwamba, na yanaweza kuwa majani ya bahari tu yaliyoota juu ya fungu la goti moja. Nilimuuliza anavyotofautisha. Akaniambia mwamba una mpaka mkali na majani yana mpaka unaotetemeka, na kwamba wingu likipita vyote vinafanana, hapo unarudi kwa upondo. Hakueleza zaidi ya hapo. Watu wenye ujuzi wa kweli huchoka upesi kuueleza.

Tulipotoka Mkanda tukaingia ghuba ya Manda, na bara upande wa kushoto ikaonyesha winchi za bandari mpya, ndefu kuliko mnazi wowote uliopata kuota Lamu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Miaka mitatu kabla yake, 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa mazalia ya samaki na njia walizopoteza. Mume alizitazama winchi zile kama anavyomtazama jirani aliyejenga ghorofa: bila uadui, lakini akipima kivuli kitaangukia wapi. Kivuli, kwa mtu wa tanga, si maneno ya kupamba. Meli ndefu iliyofunga gatini inaua upepo upande wake wa pili, na mashua inayopita hapo inasimama kama imefungwa.

Kisha kaskazi ikaamka. Ilitujia usoni, kwa maana Pate iko huko huko inakotoka. Hakuna tanga linaloweza kwenda moja kwa moja kwenye mdomo wa upepo. Lazima kubisha, uende upande huu kwa mshazari, ugeuke, uende upande ule, na kila mara ukiiba kidogo. Na hapa ndipo tanga letu la pembe tatu, lililofungwa kwenye foromali iliyoning'inia mlingotini, linapodai ustadi ambao matanga ya kizungu hayadai. Mashua ya kizungu hugeuza pua yake ikapita katikati ya upepo, tanga likahama lenyewe, mtu akainamisha kichwa tu asipigwe na mti. Tanga letu likigeuzwa hivyo hugandamana na mlingoti na kujikata mbavu. Lazima upindue kwa nyuma: uukimbie upepo kwanza, uupe kisogo, upitishe tanga zima mbele ya mlingoti, kisha ndipo uukabili tena. Kwa muda huo unapoteza njia uliyoipata kwa jasho. Kwa hiyo anayebisha vibaya hupindua mara nyingi, na anayebisha vizuri husubiri, huvumilia kulikaribia fungu kuliko moyo unavyotaka, ndipo apindue mara moja pale panapolipa.

Nilikaa karibu vya kutosha kuona jinsi wanavyopindua. Mke alisema, "Haya, Bwana," kwa sauti ya mtu anayekaribisha chai, akaanza kuivuta kana polepole. Omo ikaanza kuukimbia upepo. Mume alikuwa ameshaifungua kamba inayoushikilia mlingoti upande wa joshini, kwa maana hiyo nayo huhama. Akaiachia demani ikapiga hewa, akakimbilia mbele, akaushika mguu wa foromali na kuuvuta uje mlingotini. Foromali ikasimama wima, tanga likarushwa mbele ya chombo likipiga kelele za kutosha kuamsha Manda nzima. Sasa ni wakati ambao mashua haina tanga wala mlingoti wake haujafungwa, na upepo uko nyuma kabisa. Mke akiigeuza upesi mno, upepo unalikamata tanga kabla halijavuka na kulizungushia mlingotini. Akichelewa, chombo kinakosa mwendo, na chombo kisicho na mwendo hakina usukani. Alikuwa hatazami maji tena. Alikuwa akitazama miguu ya mumewe. Mguu wa kulia ulipovuka mlingoti na demani mkononi, kana ikasogea. Ulipofika upande wa pili, ikasogea tena. Mume akaitia kamba ya mlingoti upande mpya, akauachia mguu wa foromali uende omoni, akaipiga demani tezini fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, maana fundo la kufa kwenye demani limezamisha watu wengi kuliko papa. Tanga likapasuka kwa kujaa. Mashua ikalala upande wa pili na kushika njia.

Hapo ndipo nilipoyaelewa yale magunia mawili. "Mwanangu, mchele," akasema mume, na tukayakokota yote mawili kwenda joshini, mimi nikayafuata na kukaa juu yake. Ndivyo tulivyokwenda mpaka Pate, mchele wa harusi na mwandishi, tukihamishwa kila tanga lilipohama. Farumi yenye manufaa zaidi ni ile inayoweza kutembea.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na sina ugomvi nao. Lakini niliwatazama wawili hawa kwa makini nikitafuta nani nahodha, nisimpate. Mke aliamua njia. Mume aliamua tanga. Palipogongana, hawakupimana cheo. Mara moja tulipokuwa tunalikaribia fungu, mke alisema, "Fungu lile." Mume akajibu, "Naliona." "Waliona na bado umekaza?" Mume akalegeza demani mikono miwili, mashua ikapunguza ubishi, ikapita. Baada ya muda mrefu mume akasema, kama anayeiambia bahari, kwamba lilikuwa mbali. Mke hakujibu. Nadhani hilo lilikuwa limeshasemwa miaka mingi iliyopita, na majibu yake yalikuwa yameshaisha.

Wakati huo mashua za abiria zenye mashine zilitupita, moja baada ya moja, zikituachia mawimbi na harufu ya petroli. Sitajifanya nazichukia. Mama mjamzito wa Siyu au wa Faza anayehitaji kufika hospitali ya Lamu hana haja na umande wala kaskazi, na Mungu awabariki walioleta mashine. Hata wawili hawa wana mashine ndogo, imelala chini ya turubai karibu na sanduku la bibi harusi. Nilipouliza inatumika lini, mume alisema, "Upepo ukifa." Mke akasema, "Na yeye akichoka." Wakacheka wote wawili. Ila nasema hivi: anayekwenda kwa mashine baina ya Amu na Pate huhitaji kujua mahali palipo mafungu. Anayekwenda kwa tanga huhitaji kujua palipo mafungu, upepo unafanya nini sasa, utafanya nini baadaye, maji yako wapi katika mwendo wake, shehena imekaaje, na mwenzake anawaza nini. Ujuzi wa namna hiyo haukai katika kichwa kimoja kwa urahisi. Hapo wawili wanaojua, kila mmoja, mwendo wa mwenziwe wana heri kuliko bingwa mmoja.

Kuna sauti iliyonisumbua njia nzima, mlio wa kamba juu mlingotini. Foromali yao ni miti miwili iliyounganishwa kwa kufungwa kamba katikati, kama zilivyo nyingi, na kiungo kile kilikuwa kikilia kila tulipolala sana. Mke alikitupia jicho mara kadhaa. Mume hakukitazama hata mara moja, jambo lililonionyesha kwamba alikuwa akikifikiria muda wote.

Mtangawanda, palipo gati la kushukia watu wa Pate, walitua tanga mapema kuliko nilivyotarajia. Mashua ikaendelea kwa mwendo wake wenyewe, mke akiiacha ipungue, mume amesimama na upondo bila kuutumia, mpaka ubavu ukagusa mahali pake, si kwa kishindo. Vijana wa upande wa mke walikuwa wameshaingia majini, maji ya mapaja, wakayabeba magunia mabegani. Sanduku la bibi harusi lilipokewa na wanawake watatu wasiomruhusu kijana yeyote kuligusa.

"Shangazi, mtakaa nasi mpaka wiki ijayo?" mmoja wa vijana aliuliza.

"Leo tarehe sita," akasema mke, akikunja kamba ya kana. "Harusi kesho. Tarehe nane maji yanajaa saa nne na kitu. Saa mbili tuko chomboni, basi chai mtupe mapema."

"Mimi nilidhani tutangoja Ijumaa," mume akasema.

"Ijumaa maji yamekufa kabisa. Mkanda utaupita kwa mabega?"

Mume alitazama juu mlingotini, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Basi nitafutieni kamba," akawaambia vijana, "na taa. Kiungo hiki nitakifunga upya leo usiku."